Ukuta wa Mwenye Eda

Doa la maji ukutani lilikuwa dogo, kama kiganja. Lakini ukuta ukitoa jasho kiangazi, wakati Kilwa Kivinje nzima inalia vumbi, mwenye akili hashiki nyundo, hushika tasbihi. Likwata alishika nyundo.

Dada yake, Mwanaima, alikuwa amekaa eda. Mumewe kaburini, yeye chumbani, haruhusiwi kutoka wala kuonana na mwanamume asiye wa damu yake. Zilibaki siku chache atolewe, apande gari aende Rasbura kwa bintiye Naima, mwenye mimba pevu. Kila asubuhi Naima alipiga simu: "Mama, sizai mpaka ufike."

Ndipo doa likatokea kando ya kitanda.

Likwata, fundi mwashi aliyejisifu kuwa hata misikiti inamwamkia, alipanda kwenye bati. Kukavu. Bomba halipo. Akasema, "Dada, ni lile shimo la maji mliyooshea maiti ya shemeji. Mlifukia vibaya." Akalichimbua palepale sakafuni. Udongo ukatoka mkavu kama unga wa muhogo.

"Acha, kaka," Mwanaima akanong'ona. "Linanukia udi. Nikilala, linapumua."

"Umefungiwa mno wewe! Sasa hata chokaa unaiona mchumba."

Akaweka tindo katikati ya doa. Pigo la kwanza likatoa maji ya vuguvugu, la pili likatoa mguno, mguno mzito wa mtu aliyechomwa usingizini, na Likwata akataka kuacha lakini mkono haukumsikiliza, ukapiga tena na tena, maji yakimtiririka viwikoni, mpaka kitu ndani ya mawe kikavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko ya binadamu, na kisivute nyingine.

Doa likakauka wakitazama.

"Umeona?" Likwata akacheka, meno yakigongana. "Kazi ya fundi hiyo."

Shangazi yao, Bi Mboni, mganga wa ngoma za majini, alipoingia hakuitikia hata shikamoo. Alitega sikio ukutani.

"Likwata, umeua mume wa mtu."

"Shemeji si tulimzika, shangazi?"

"Huyu wa pili. Tulimpungia Mwanaima ngoma kule Miteja, alipokuwa mwali, jini akamposa, tukamwoza. Miaka yote alimpisha mwenziwe, huyo marehemu, kwa adabu. Alikuwa humo anangoja eda iishe."

Ndani ya mawe kilio kikaanza, cha mmoja, kisha cha ukoo mzima.

"Ndugu zake hao. Wanasema eda ya Mwanaima kwa ndugu yao inaanza leo."

"Mpaka lini, shangazi?" Mwanaima akauliza.

Bi Mboni akatazama chini. "Wenzetu hao majini wanaishi umri mrefu, mwanangu. Na eda yao ni hivyo hivyo."

Simu ikaita. Naima, uchungu umemshika. "Mama! Uko wapi?"

"Nakuja!" Mwanaima akajitupia buibui. Shangazi akatoka mlangoni. Likwata akatoka. Mwanaima, hatua moja nyuma yao, akagonga paji la uso kwenye chokaa mbichi, pale mlango ulipokuwa.