Mkono Uliomalizia Mstari

Mama Kijacho alipoamka kutoka usingizi wa mchana, mstari aliouacha katikati ulikuwa umemalizika.

Kila mfumaji hufundishwa jambo hili mwanzoni kabisa: usiweke sindano chini kabla mstari haujafika mwisho. Ukiuacha katikati, vitanzi vinalegea, na ukirudi hujui ulikuwa unakwenda au unarudi. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa akifuma masweta ya shule na kuyauza, alimwambia hivyo mpaka akachoka. Lakini siku ile Mama Kijacho (jina hilo alipewa na wanawake wa kliniki tumbo lilipoanza kuonekana, likamganda) mgongo ulikuwa unamuuma na vitanzi vimemshinda. Alitupa sindano na kazi yake juu ya kiti cha sebuleni, akasema peke yake kwa sauti, "Laiti ningepata wa kunimalizia!" Akaenda kulala.

Sasa kazi ilikuwa imelala vizuri kitini. Mstari ule umekwisha, na juu yake kuna kazi mpya ya upana wa kiganja, imenyooka kama imepigwa pasi. Nyumbani hakukuwa na mtu. Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa kazini, na mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Sebule ilinuka sufu mbichi iliyolowa, ingawa hakuna kitu kilichokuwa kimelowa.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mama Kijacho alikuwa na aibu ya kuficha, na mwenye aibu hapigi kelele. Miezi michache nyuma, mbele ya jamaa wote, wifi alikuwa amemchokoza: "Mikono hiyo inajua kushika simu tu. Mtoto atavaa nini, chaja?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama Kijacho akaapa kwa hasira kwamba mwanawe hatavaa hata uzi wa dukani, atamfumia kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Tangu hapo alikuwa anafuma na kufumua, anafuma na kufumua, na jasho lake lote lilikuwa limezaa kitu kimoja kilichopinda, ambacho mumewe, kwa upole kabisa, aliuliza kama ni cha kushikia sufuria.

Kwa hiyo mama mkwe wake alipobisha hodi jioni ile, hakupata hata nafasi ya kuogopa. Mama mkwe aliiokota ile kazi kitini, akaigeuza huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu! Hii umefuma wewe?"

"Nimefuma mimi, mama," alisema Mama Kijacho.

Nyuma yake, juu ya kiti kitupu, kitu fulani kilishusha pumzi kama mtu aliyemaliza kula akashiba.

Kesho yake aliacha mstari katikati kwa makusudi. Hakuna haja ya kumsuta, alijisuta mwenyewe vya kutosha. Alijilaza chumbani, akajifunika shuka mpaka puani, na huko sebuleni sindano zikaanza: tik, tik, tik. Zilipiga bila haraka, bila kukosea. Alijiambia ni saa ya ukutani, na hawakuwa na saa ya ukutani. Akajiambia ni mara hii moja tu.

Mara moja ikazaa nyingine. Likatoka sweta la rangi ya maziwa lenye mkunjo begani ambao haukuwahi kuonekana. Zikafuata soksi, kofia nyeupe na blanketi. Mume alizipiga picha akawaonyesha mafundi wenzake. Wanawake wa kliniki walimzunguka Mama Kijacho wakimwomba awafundishe. Mama mkwe aliomba ile kofia akae nayo kwake, aitunze mpaka siku ya mtoto. Kila alipoulizwa, Mama Kijacho alijibu yale yale, "Nimefuma mimi," na kila alipojibu alihisi uso unamchoma kama amesogea jikoni. Kilemba cha ukoka kilimkaa kichwani, na hakujua kukivua.

Kisha akaja wifi. Alikuja peke yake, na sindano zake ndani ya mfuko.

"Wifi yangu, huu mkunjo wa begani mimi siujui. Hebu nifundishe," alisema. Mwanamke yule hakuwahi kumwomba mtu yeyote amfundishe kufuma.

"Mikono imevimba, wifi. Si unajua mambo ya mimba."

Wifi aliitazama mikono ile. Haikuwa imevimba hata kidole. "Haya. Ukipata nafuu." Akafika mlangoni, akasimama. "Siku ile nilikucheka mbele za watu. Nilikosea, unisamehe."

Ingekuwa afadhali angemtukana. Mama Kijacho alifunga mlango akaketi sakafuni, akalia kwa kujificha kana kwamba kuna anayemtazama. Na alikuwapo. Kitini palikuwa na bonde, kama mto unavyobonyea mtu mzito akikaa.

Wiki iliyofuata, kliniki, nesi alimpima tumbo kwa utepe. Akapima tena. Akaita mwenzake naye akapima.

"Mama, mara ya mwisho tumbo lilikuwa kubwa kuliko hivi," nesi alisema taratibu. "Unakula?"

"Nakula."

"Mtoto anacheza?"

Akafungua kinywa kujibu ndiyo, ndipo akakumbuka kwamba mtoto alikuwa anacheza, ndiyo, lakini alikuwa anacheza mchana tu, akiwa amejilaza chumbani, wakati sindano zinapiga kule sebuleni, na zikinyamaza naye ananyamaza, kimya kizito kama mfuko wa mchanga, mpaka zianze tena.

Alirudi nyumbani akakimbilia kikapu cha uzi. Tangu mwanzo alikuwa amenunua bonge moja. Sweta, soksi, kofia na blanketi, vyote vilitoka kwenye bonge lile, na hakuwahi kujiuliza. Sasa alilishika kwa mikono miwili. Lilikuwa kubwa kuliko siku aliyolinunua, na lilikuwa na joto.

Mchana ule hakulala. Aliacha mstari katikati kama kawaida, akaingia chumbani, akavua viatu, akarudi kuchungulia kwenye ufa wa mlango huku ameziba mdomo kwa kanga, na akaona sindano zimesimama hewani juu ya lile bonde la kiti, zinapishana, zinapishana, na harufu ya sufu iliyolowa ikamjaa puani, na akaufuata uzi kwa macho ajue unatoka wapi, kwa sababu haukuwa unatoka kwenye kikapu, ulikuwa unashuka kitini, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango aliouegemea, mwembamba, mweupe, unapanda juu ya mguu wake ambao haukuhisi kitu, na unaingia chini ya gauni lake.

Sindano zilipovuta, mtoto aliruka.

Mama Kijacho alipiga mayowe mpaka jirani akagonga ukuta. Hapo sindano zikaanguka, na kilichokuwa kinafumwa kikabaki sakafuni. Ilikuwa jozi nyingine ya soksi. Hazikuwa na kisigino wala mahali pa vidole. Zilikuwa fupi, za mviringo, na mbele zimepasuliwa katikati, za mguu wenye kwato.

Alijaribu kuzifumua mwenyewe kabla mumewe hajarudi. Hata hapo, msomaji, hata hapo alikuwa anafikiria kufumua nguo zote kimyakimya na kusema zimeibwa kwenye kamba. Uzi ulimkata vidole, haukuachia hata kitanzi kimoja, na kila alipovuta maumivu yalimpiga chini ya kitovu. Mumewe alimkuta hivyo, mikono ina damu. Ndipo akasema yote.

"Kwa nini hukuniambia?" mume alinong'ona, macho yako kwenye kiti.

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unawaonyesha watu picha."

Asubuhi walikwenda kwa Bi Chafya. Mganga huyu alikuwa na chumba nyuma ya duka la vioo, na jina lake lilitokana na pua yake: jini likiwa karibu, alipiga chafya. Mama Kijacho alipokanyaga kizingiti tu, bibi yule alipiga chafya mpaka miwani ikamdondoka mapajani. Alisikiliza, akazipapasa zile soksi kwa ncha ya kijiti.

"Huyu hakuiba, alialikwa," alisema. "Uliomba mtu wa kukumalizia, akaja. Kazi ikawa yake, sifa ukachukua wewe. Na yeye anachukua chake. Anamfumua mwanao, mama, anamfuma upya awe wa kwake."

"Atoke! Mtoe!" mume alisema.

"Simtoi mimi. Atolewe na yule aliyemficha. Kusanya kila alichofuma, kila kipande, na wote waliokusifu. Sema mbele yao kwamba si kazi yako. Ukishasema, uzi utaachia wenyewe na kumrudia mtoto, mwenye nao. Kikibaki kipande kimoja, basi na huyo jini amebakiwa na kipande cha mtoto."

"Na wifi awepo?"

"Wifi ndiye wa kwanza. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Wakakusanyika kwa mama mkwe siku iliyofuata, jamaa, wanawake wa kliniki na Bi Chafya. Wengine walidhani ni sherehe, wakaja na zawadi. Mama Kijacho alizipanga zile nguo mezani, akasimama, akaketi, akasimama tena. Tumbo lake lilikuwa dogo kiasi kwamba gauni lilimning'inia. Akamtazama wifi.

"Sikufuma mimi," alisema. "Hata kimoja. Sijui kufuma. Niliwadanganya wote, na wewe wifi nilikudanganya ukiniomba radhi."

Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akidhani ni utani, akaona amecheka peke yake. Mama Kijacho aliueleza mkasa wote kwa kichwa kilichoinama, kiti, sindano, uzi chini ya gauni, na aibu ilimshika kiasi kwamba alitamani ardhi ipasuke. Kisha akasikia mtu anasogea. Wifi alikuwa ameketi sakafuni karibu na miguu yake, ameshika blanketi.

"Nishikie ncha," wifi alisema. "Hii kazi ya kufumua unaijua, nimekuona."

Mtu akacheka, na safari hii wakacheka wote, wengine huku wanalia. Wakavuta. Uzi uliachia kwa mlio kama kitambaa kinachochanwa, vitanzi vikakimbia, sweta likaisha, soksi zikaisha, na kadiri nyuzi zilivyorundikana sakafuni ndivyo zilivyoyeyuka, huku Bi Chafya akipiga chafya moja juu ya nyingine kwenye kona, na kiti kimoja kitupu kikaanguka chali, mlango ukafunguka na kujibamiza, na ile harufu ya sufu ikapita katikati yao, ikawagusa nyuso kama manyoya, ikatoka. Mama Kijacho alijishika tumbo. Gauni lilikuwa limembana. Mtoto alipiga teke, akapiga la pili, bila sindano yoyote kulia, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Ndiyo yote?" aliuliza Bi Chafya, akifuta pua.

"Imebaki kofia nyeupe," alisema Mama Kijacho. "Mama, ile uliyoitunza wewe."

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Ile? Panya waliitafuna," alisema. "Niliona aibu kukuambia. Niliichoma."

Haikuliwa na panya. Jirani wa mama mkwe, mwalimu mstaafu, alikuwa amejisifu siku nyingi juu ya mjukuu wake aliyezaliwa, na siku moja mama mkwe alichoka kusikiliza, akachukua ile kofia na kumpelekea. "Nimemfumia mwenyewe," alisema. Mwalimu alimbusu mikono. Sasa mama mkwe alikuwa ametoka kumwona mkwewe anaaibika kama aliyevuliwa nguo mbele za watu, na alijua yeye hawezi kukiri vile, kwa umri wake, katika sebule yake, mbele ya wanawe. Alijiambia ni kofia moja tu, tena ndogo.

"Kama imeungua, imeungua," Bi Chafya alisema. Alichukua mfuko wake akaelekea mlangoni, na kabla hajatoka alipiga chafya ndogo, moja.

Mtoto alizaliwa mnene, mwenye sauti. Mama Kijacho alilala chumbani, nyumbani kwa mama mkwe, akitabasamu kama mtu aliyeshusha mzigo, na mama mkwe, sasa bibi, ndiye aliyemwogesha mjukuu. Alimwosha miguu, ikawa mizuri, vidole vyote vipo. Akampaka mafuta mgongoni. Kisha akapitisha kiganja kichwani, na kiganja kikazama.

Utosi ulikuwa mpana, ulianzia karibu na kipaji cha uso ukafika kisogoni, laini, hauna kitu chini yake. Na ulikuwa unadunda. Bibi amelea watoto wengi, anajua utosi hudunda. Lakini huu haukufuata moyo. Ulidunda tik, ukatulia, tik, bila haraka, bila kukosea, na kila ulipodunda ukingo wake ulirudi nyuma kidogo, kama mstari unaofumuliwa.

"Mama, yuko salama?" Mama Kijacho aliuliza kutoka chumbani.

"Mzima kabisa, mwanangu." Akamfunika mtoto kichwa kwa kitambaa.

Wifi akachungulia. "Mama, mwalimu yuko mlangoni na mjukuu wake. Anasema amemvalisha kitu anataka ukione, amefurahi huyo!"

Ilikuwa hatua chache tu mpaka mlangoni, mpaka kwenye ile kofia. Bibi alimkumbatia mtoto kifuani, akahisi chini ya kiganja chake kitanzi kingine kinavutwa, na machozi yakamtoka.

"Mwambie nimelala," alisema.