Chanjo ya Komando

Kila asubuhi, Kiki alipokuwa akiwasha mbabula, jiko la makaa, uani, mbwa wao Komando alianza vituko vyake. Alivuta kamba, akazunguka pipa la maji, akapigapiga mkia ukutani. Alitaka matembezi tu, hakuna kingine. Mwezi wa sita mtaani kwao Hewa Bora watu huvaa sweta mbili kabla ya jua kupanda, lakini Komando hakujua baridi ni kitu gani.

Kiki alikuwa na miaka kumi na miwili, na kumtembeza mbwa ilikuwa kazi yake. Ijumaa moja baba yake, Mulenga, aliondoka na lori kwenda kuchukua samaki Kasenga. Alimwachia agizo moja: kesho yake mbwa wangechanjwa bure kwenye uwanja wa mtaa, ampeleke Komando mapema. Kiki aliitikia vizuri sana. Jumamosi asubuhi mama alikuwa ameshatoka, na upepo ulikuwa mkali. Alifungua mlango, Komando akaruka kwa furaha akidhani safari imewadia, Kiki akatetemeka, akarudi chini ya blanketi. Mbwa alilia mlangoni kwa muda mrefu, kisha akanyamaza.

Baba aliporudi, Kiki akamwambia kwamba Komando amechanjwa. Karatasi ya chanjo iko wapi? Ziliisha, akasema Kiki. Uvivu hauji peke yake, huja na mdogo wake uongo. Baba akamsifu mbele ya mama, na Kiki aliona aibu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Kiki ilikuwa na urefu wa majuma matano. Katika juma la kwanza, wakiwa matembezini, mbwa asiye na mwenyewe alimrukia Komando, akamng'ata shingoni, akakimbia. Kidonda kilikuwa kidogo na kilipona. Kiki hakumwambia mtu.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Komando alibadilika. Hakuvuta kamba tena. Alijificha nyuma ya pipa, mate yakimtoka, na alipopewa bukari, ugali wake wa kila siku, alinguruma. Guelor, mdogo wake Kiki mwenye miaka sita, alidhani rafiki yake amenuna. Akaingiza mkono nyuma ya pipa ili amtoe wakatembee. Komando alimng'ata mkono, damu ikamwagika.

Mama alifanya kama alivyofanyiwa yeye utotoni. Alileta jiwe jeusi, kipande cha mfupa uliochomwa ambacho watu hukibandika mahali palipoumwa na nyoka ili kinyonye sumu, akakifunga juu ya kidonda. Alitaka waende pia kituo cha afya. Baba akamwambia asihangaike, mbwa amechanjwa, jiwe litatosha.

Kiki alikuwa amesimama palepale. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba mtu akishaugua kichaa cha mbwa, hakuna tena dawa. Alimtazama Guelor akipanguza machozi kwa mkono mzima, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa fimbo yoyote.

"Baba, nilisema bongo, nilikudanganya," akasema. "Siku ile sikumupelekaka Komando. Kulikuwa mashika, baridi ya asubuhi, nikarudia kulala."

Baba hakumpiga. Afadhali angempiga. Alimtazama kidogo tu, akambeba Guelor, akatoka mbio.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliyeitwa Mama Constance aliliondoa lile jiwe, akaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa nzima, Guelor akipiga kelele. Kisha zikaja sindano, nyingine palepale kwenye kidonda. Akaagiza warudi tena na tena mpaka chanjo zote ziishe. Komando alifungwa peke yake, na siku ya tatu akafa. Watu wa mifugo walimzika bila mtu yeyote wa nyumbani kumgusa.

Siku ya sindano ya mwisho, Mama Constance alimwita Kiki kando.

"Mwanangu, ile jiwe haivute kichaa cha mbwa. Ni sabuni, maji na sindano ya mbio. Lakini kama ulinyamaza, ile sindano haingemufikia mudogo yako. Ukweli yako ilichelewa kwa mbwa. Kwa mutoto ilifika. Usiicheleweshe tena."

Njiani kurudi nyumbani, Guelor, ambaye alikuwa amepona, aliuliza Komando atarudi lini. Mama yao, aliyekuwa amewapeleka, akaanza kusema kwamba baba alimpeleka Kasenga.

"Hapana, mama," Kiki akasema. Akamgeukia mdogo wake. "Komando alikufa, Guelor. Ni miye sikumupelekaka kwa chanjo."

Guelor alilia njia nzima, na alikataa kumshika Kiki mkono. Kiki alitembea nyuma yake, polepole, mpaka nyumbani.