Vidonge vya Nyanchama

Gauni lilifika Jumamosi asubuhi, wakati Adelina anakaanga maandazi na mumewe, Silvanus, anapiga pasi shati la kazini. Lilikuwa limetoka Dar es Salaam ndani ya begi la muumini mwenzao wa kanisani. Adelina alizima jiko, akanawa mikono, akaingia nalo chumbani kulijaribu.

Lilikuwa gauni la sare kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake, Elinaza, kabla ya harusi. Wanawake wote wa upande wa bibi harusi wangevaa kitenge kimoja, cha zambarau na dhahabu. Mama yao alikuwa Bukoba na alinyimwa viza ya Kanada. Kwa hiyo siku ya sherehe Adelina, dada mkubwa, ndiye angesimama mahali pa mama.

Kamati ya sherehe ilichagua fundi mmoja wa Kariakoo awashonee wote, na kila mwanamke alituma vipimo vyake kwa simu. Hapo ndipo Adelina alipojiponza. Alipojipima kiuno hakupenda alichokiona. Akamtumia fundi vipimo vya zamani, vya mwaka ule alipofika Toronto. "Mpaka siku ya sherehe nitakuwa nimerudi hapo," alijiambia. Fundi wa watu akashona kama alivyoambiwa.

Zipu ilipanda mpaka kiunoni, ikagoma.

Binti yao, Sara, alikuwa mlangoni. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, na Kiswahili alikielewa chote, lakini aliuliza kwa Kiingereza kama kawaida yake. "Mama, hili gauni la nani?"

"Langu."

"Basi lipeleke kwa fundi wa hapa aliongeze."

"Niongezewe viraka mbavuni, watu wanione? Mimi ninayesimama badala ya bibi yako? Niache, mwanangu."

Msimcheke Adelina haraka. Hakuwa mvivu wala mlafi. Alikuwa karani wa ofisi ya bima, kazi ya kuketi kutwa, na miezi ya baridi alirudi nyumbani Flemingdon Park giza limeshaingia. Kila alipokwenda Bukoba, ndugu walimpokea kwa sifa: "Umenawiri! Ulaya imekupenda!" Aliporudi Toronto, daktari alimwambia presha yake imepanda, ameze kidonge kila siku na apunguze uzito. Mtu akisifiwa huku na kuonywa kule kwa mwili ule ule, amsikilize nani?

Alimsikiliza Nyanchama.

Nyanchama alikuwa Mkenya mwenye duka la vyakula vya nyumbani, karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch. Aliuza unga wa ugali, dagaa, majani ya chai na mafuta ya nywele. Chini ya kaunta aliweka vichupa vyeupe vyenye picha ya jani la kijani.

"Mama Sara, hii si dawa," alisema. "Ni mimea tu. Haina kemikali hata kidogo."

"Inatengenezwa wapi?"

"Huko ng'ambo. Na mimi mwenyewe nakunywa. Hebu niangalie." Nyanchama alijigeuza, na kweli alikuwa amepungua.

"Lakini mimi nina presha."

"Kwani majani yatakufanya nini? Si hata sukuma wiki ni majani?"

Nyanchama hakuwa tapeli. Aliamini kila neno alilosema, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa matamu kuyasikiliza. Adelina alinunua chupa moja, akaificha ndani ya pochi yake.

Vidonge vilifanya kazi upesi. Hamu ya kula ilikatika. Alipika pilau akawapakulia wenzake, yeye akanywa maji. Lakini mdomo ulimkauka, na usingizi ukamkimbia. Mara nyingine moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Alijiambia ni mawazo ya sherehe. Silvanus aliona anavyojigeuzageuza kitandani.

"Mama Sara, unaumwa?"

"Siumwi. Kwani huoni nimependeza?"

"Kupendeza ulipendeza zamani. Nimekuuliza kama unaumwa."

Adelina alivuta blanketi, akageukia ukutani.

Kamati ya sendofu ilipokutana sebuleni kwao, wote waliona mabadiliko. "Dada, unaisha kama sabuni," alisema Lynette, rafiki wa bibi harusi. "Tupe siri."

Ombeni, mwenyekiti wa kamati, alidakia. "Kama ni dawa za kukondesha, ziogope. Zote ni sumu. Moja imeondolewa madukani hapa hapa Kanada kwa sababu ya moyo."

"Wewe huna hata kilo moja ya kupunguza, utajuaje?" Lynette alimrudi. "Dada yangu aliandikiwa dawa na daktari, na imemsaidia."

"Leo imemsaidia, kesho je?"

"Na huo unene wenyewe, kesho je?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Adelina alikusanya vikombe. Aliona mabishano yale hayamhusu, kwa kuwa wao walizungumzia dawa, na yeye alimeza majani.

Wiki iliyofuata, akienda kazini, alikuwa amesimama ndani ya basi la kwenda Eglinton. Ghafla moyo ulianza kumpiga kwa nguvu. Kichwa kilimgonga, na macho yakaona ukungu. Aliogopa kufa mbele ya watu wasiomjua. Akashuka kituo kilichofuata, akashika ukuta, akaingia kwenye duka la dawa alikozoea kuchukua vidonge vyake vya presha.

Mfamasia wa pale aliitwa Roshanali, mzee mzaliwa wa Tanga. Alikuwa ameishi Toronto miaka mingi, na Kiswahili chake hakikuwa kimechuja.

"Shikamoo mzee," Adelina alisema kwa taabu.

"Marahaba mama. Keti hapa, usizungumze."

Alimfunga mkono kwa kipimo cha presha. Kilipomaliza kuhesabu, uso wa mzee ulibadilika. Ilikuwa mia moja na tisini kwa mia moja na kumi.

"Dawa zako za presha unameza?"

"Kila siku."

"Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hapana."

Roshanali alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Mama, labda nimeuliza vibaya. Sikuulizi dawa ya daktari peke yake. Nakuuliza chochote. Chai ya kukonda, mizizi, unga wa kukoroga, kidonge ulichopewa na rafiki. Mimi si polisi, wala sitakucheka. Lakini nisipojua, siwezi kuwaambia madaktari wakusaidieje."

Adelina aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alimwaza Nyanchama, na hakutaka kumwingiza matatani. Alimwaza Silvanus, na jinsi yeye mwenyewe alivyomdanganya. Lakini moyo ulikuwa bado unapiga vile vile, na wahenga hawakutania waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Alifungua pochi, akamkabidhi kile kichupa.

"Umefanya la maana," Roshanali alisema. Papo hapo aliita gari la wagonjwa. "Presha kama hii ikija na dalili kama zako, haingoji. Nenda na chupa hii, uwape madaktari waione. Nibakizie vidonge vichache tu."

Hospitali walimpima moyo, wakaishusha presha polepole, na wakamlaza mpaka kesho yake. Daktari alimwambia wazi kwamba angeendelea na vidonge vile, angeweza kupata kiharusi. Silvanus alisikia yote akiwa amesimama kando ya kitanda. Daktari alipotoka, aliketi, akafuta machozi bila kujificha.

"Mimi nilikuoa wewe, Adelina," alisema. "Sikuoa kiuno."

Alipopata nafuu walikwenda pamoja kumshukuru Roshanali. Adelina alikuwa na swali lililomkera. "Mzee, majani yanawezaje kunifanya vile?"

"Nani alikuambia ni majani?"

"Si imeandikwa kwenye chupa?"

"Karatasi hubeba chochote utakachoandika." Mzee alichukua chupa ya vitamini kutoka rafuni, akawaonyesha namba ndogo ya tarakimu nane. "Hapa Kanada, dawa iliyokaguliwa huwa na namba ya usajili kama hii. Hata za mitishamba huwa nayo. Chupa yako haikuwa nayo. Maana yake hakuna aliyekagua kilichomo."

"Na wewe unadhani kilikuwamo nini?" Adelina aliuliza, akamsimulia ubishi wa Ombeni na Lynette kuhusu dawa iliyoondolewa madukani.

"Ile dawa aliyoitaja Ombeni wenu ilikuwapo kweli. Madaktari waliiandika kwa miaka mingi. Kisha ikaonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni. Sasa wako wajanja wanaoichanganya kimyakimya kwenye vidonge, kisha wanabandika picha ya jani. Hamu ya kula inakatika upesi, na mnunuzi anadhani mimea ina nguvu. Vidonge vyako siwezi kuvijua kwa macho. Nimevipeleka Wizara ya Afya wavipime."

Silvanus alitikisa kichwa. "Basi Ombeni alisema kweli. Zote ni sumu."

"Hapana, bwana. Ombeni alisema nusu. Na yule dada aliyembishia naye alisema nusu. Zipo dawa za uzito zilizokaguliwa, na wapo wanaozihitaji, kwa sababu unene uliopita kiasi nao huleta sukari na presha. Daktari anakupima kwanza. Anaangalia una ugonjwa gani na unameza nini kingine. Akikuandikia, anakuita tena aone inakufaa au inakudhuru. Kuna moja inazuia sehemu ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Ukiimeza kisha ukala chipsi, utashinda chooni na hutamsimulia mtu."

Adelina alicheka, mara ya kwanza tangu alazwe.

"Hakuna hata moja inayofanya kazi peke yake," mzee aliendelea. "Sahani na miguu lazima visaidie. Na usiache dawa ya presha kwa sababu ya dawa nyingine, mpaka umwulize daktari."

Wakiwa njiani kurudi, Silvanus alitaka wampigie Nyanchama simu wampe vidonge vyake, yaani maneno makali. Adelina alikataa. "Mimi nilinunua chupa moja," alisema. "Yeye ana katoni nzima, na anakunywa."

Alikwenda mwenyewe Jane na Finch. Alimweleza yote, kuanzia basi mpaka hospitali. Nyanchama alikunja uso.

"Kwa hivyo umekuja kuniharibia biashara?"

"Nimekuja kukuuliza. Unalala usiku?"

"Nikilala, nisilale, inakuhusu nini?"

"Mdomo unakukauka? Moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu?"

Nyanchama alitazama vichupa vilivyokuwa chini ya kaunta. Aliketi taratibu juu ya gunia la mchele. "Nilidhani ni uchovu wa duka," alisema kwa sauti ya chini. "Mama Sara, nimewauzia watu wa kanisa. Nimemuuzia hata dada yangu."

"Umewahi kupima presha?"

"Sijawahi. Mimi sina presha."

"Asiyejipima hajui. Funga duka, twende."

Wakafunga. Kwenye kliniki ya jirani kipimo kilionyesha mia moja na themanini. Nyanchama, mwanamke wa maneno mengi, aliitazama namba ile mara mbili. Alianza kulia, na Adelina alimshika bega mpaka daktari alipomwita ndani.

Jioni hiyo hiyo Nyanchama alianza kuwapigia simu wateja wake, mmoja mmoja. Wengine walimtukana, naye akavumilia. Vichupa vilivyobaki alimpelekea Roshanali ili viharibiwe, visiokotwe na mtu jalalani. Baadaye majibu ya Wizara yalikuja. Vidonge vilikuwa na ile ile dawa iliyoondolewa sokoni.

Adelina naye alibadili mambo, bila pupa. Ugali ulipungua sahanini, mboga na maharage vikaongezeka. Soda zilibaki kuwa za wageni. Kila jioni yeye na Silvanus walitembea kwenye njia ya bonde la mto Don, wakibishana kuhusu kila kitu, na Sara mara nyingine akaandamana nao. Alimwuliza daktari kuhusu dawa za uzito bila aibu. Daktari alimjibu kwamba kwanza presha itulie, halafu watazungumza. Uzito ulishuka kidogo kidogo. Presha ilitulia, na usingizi ukarudi.

Na gauni? Lilikwenda kwa fundi wa hapa, kama Sara alivyosema tangu mwanzo. Akaongeza kitambaa cha dhahabu mbavuni, juu mpaka chini. Lynette alipoliona aliuliza kwa nini sare yake haikupewa mshono kama huo.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Adelina alimkabidhi Elinaza kwa wakwe mbele ya watu wote. Aliongea kwa niaba ya mama yao bila kutetemeka, na Bukoba walikuwa wakisikiliza kwa simu.

Chakula kilipoanza, mgeni mmoja kutoka Hamilton, mama aliyeitwa Valeria, aliinama kwenye meza yao. Alimnong'oneza Nyanchama. "Wanasema wewe ndiwe mwenye vile vidonge vya majani. Niuzie hata chupa mbili. Nitalipa zaidi ya wengine."

Adelina aliacha kutafuna. Meza nzima ilimtazama Nyanchama.

Nyanchama alifuta mikono kwa kitambaa. Kisha alivuta kiti kilichokuwa wazi, akakisogeza karibu na chake.

"Nilikuwa navyo," alisema. "Vilikaribia kumuua huyu dada yangu, na mimi pia. Keti hapa, mama. Nitakueleza yote, hata yale ya aibu, na kesho nitakusindikiza kwa daktari."

Valeria akaketi.