Mafuta Kifuani kwa Paijan

Ngatinah alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mumewe aliporudi kutoka majarubani mapema kuliko kawaida. Paijan akaketi kizingitini, jasho likimtiririka.

"Kifua kimebana, mke wangu. Nimeingiwa na upepo."

Huko kwao Java, aliyeingiwa na upepo hapelekwi mbali. Anapakwa mafuta yanayowasha, halafu anakwanguliwa mgongo kwa ukingo wa sarafu mpaka michirizi myekundu itokee. Akicheua, basi, amepona. Na kwa kukwangua, mtaa mzima hakuna aliyemfikia Ngatinah.

Akampaka mafuta mgongoni na kifuani, akakwangua. Paijan hakucheua. Maumivu yakashuka hadi mkono wa kushoto.

"Kwangua zaidi," akaguna.

"Mgongo wenyewe umeniishia, baba."

Akamtazama usoni. Midomo ilikuwa ya kijivu. Akamwita jirani yao Sutris, mwenye gari la mboga, wakaenda mbio kituo cha afya.

Paijan alitaka kushuka mwenyewe. Muuguzi Wulandari akamzuia.

"Usitembee. Leo unabebwa kama bwana harusi. Moyo wako unataka kupumzika."

Akamlaza nusu ameketi, akamfungua vifungo. Alipoleta mashine yenye nyaya, Ngatinah akamshika mkono.

"Umeme juu ya moyo? Dada, unataka kuniulia mume?"

"Mashine haimpi umeme, mama. Inapima umeme wake mwenyewe. Maji ya jaruba la juu yanashuka hadi la chini kwa nini?"

"Si ni kwa sababu vimo vimetofautiana?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Kila moyo ukipiga, umeme wa sehemu moja ya mwili unakuwa juu kidogo kuliko wa sehemu nyingine. Tofauti hiyo ndiyo volti. Yake ni ndogo mno, hata betri ya tochi inaishinda mbali."

Akabandika vibandiko. Vikateleza. Mstari kwenye mashine ukarukaruka ovyo.

"Nani amemtia viungo huyu kama samaki?"

Ngatinah akainamisha kichwa. Wulandari akafuta mafuta yote kwa spiriti, akakausha, akabandika tena. Mstari ukatulia, ukachora vilima. Akavisoma haraka.

"Huu si upepo. Mshipa unaolisha moyo umeziba. Lakini mmewahi."

Akampa dawa ya kutafuna na kuita gari la wagonjwa. Hospitali kubwa wakauzibua mshipa siku ile ile. Ngatinah alicheka na kulia kwa pamoja.

Paijan alirudi nyumbani na dawa za kila siku. Sigara aliacha, chumvi alipunguziwa, kulalamika hakuacha.

Kisha asubuhi moja Sutris akaja, jasho linamtoka, ameshika kifua.

"Shangazi, nikwangue kidogo. Upepo tu huu."

"Keti hapo hapo. Usinyanyuke."

"Na sarafu?"

"Sarafu itangoja. Mashine ikisema ni upepo, nitakukwangua mpaka uniombe radhi."

Paijan alikuwa ameshapiga simu kituoni. Gari la wagonjwa likafika, likawachukua Sutris na Ngatinah hadi kituoni. Wulandari akamfungua Sutris shati, akabandika vibandiko, vikashika mara moja. Mstari ukatoka safi, vilima vile vile vya Paijan.

"Kifua kikavu kabisa," akasema Wulandari. "Nani kamleta huyu?"

"Mimi," akasema Ngatinah, na safari hii kichwa hakukiinamisha.