Mjomba Lusenge Hakutoka Luofu

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijasikika ng'ambo ya bonde, Falonne alikuwa amekwisha kuchota maji, kuwasha makaa na kumsaidia mama yake, Mama Débora, kumgeuza Mjomba Lusenge kitandani. Mama alishika mabega, Falonne akashika magoti. Mjomba alikunja uso na kutazama ukuta mpaka wamalize. Kisha Mama Débora alijitwika beseni la unga wa muhogo, akashuka sokoni. Falonne alibaki kumlisha mjomba uji na kumwaga chombo chake cha haja. Alipofika darasani, somo la kwanza lilikuwa limekwisha.

Mjomba Lusenge alikuwa mpakiaji wa malori kule Kasindi, mpakani. Mwaka juzi mbao zilimwangukia mgongoni, na tangu siku hiyo miguu yake haikumtii tena. Zamani alikuwa mtu wa vicheko. Sasa alifungua kinywa alipokasirika tu, na alikasirika mara nyingi.

Siku Mwalimu Malachie alipomwonya Falonne kwamba akiendelea kuchelewa atarudia darasa, Mama Débora alikaza kitenge kiunoni.

"Inatosha," alisema. "Banasema serikali iko na watu wa kusaidia bagonjwa na bazee. Twende tubatafute."

Laiti wangejua! Kwenye ofisi ya kwanza waliambiwa waende ya pili. Kwenye ya pili walitakiwa kuleta cheti cha chifu wa mtaa. Chifu wa mtaa alikuwa amekwenda kwenye matanga huko Masereka. Aliporudi, alikuwa na cheti lakini muhuri ulikuwa kwa katibu, na katibu alikuwa na homa. Walipopata muhuri, bwana wa ofisi ya pili alikitazama cheti, akapiga miayo.

"Mutu mwenyewe iko wapi?"

"Iko nyumbani, Papa," Mama Débora alijibu. "Hawezi kutembea. Ndiyo sababu tumekuja."

"Mais bila kumuona, nitajuaje?"

"Donc mukuje kumuona."

"Hatuna gari, Mama. Mukuje naye."

Mama Débora alifumba macho kama mtu anayezuia tusi. Falonne alikuwa amekosa shule tena, viatu vimejaa vumbi jekundu, na mbele yake mtu huyu alikuwa akifunga droo ili aende kula.

"Ao ni mukimbizi?" bwana yule aliuliza akiwa tayari amesimama. "Kama ni mukimbizi wa vita, kuna watu bataenda kumuangalia kwake. Anatoka wapi?"

"Luofu!" Falonne alijibu kabla hajafikiri. "Alikimbia vita Luofu."

Mama Débora aligeuka, akamkazia macho bintiye. Midomo yake ilifunguka. Lakini alikuwa amechoka mno, na bwana yule alikuwa amekwisha kuketi na kushika kalamu. Akanyamaza.

Jioni Mjomba Lusenge aliposikia habari hiyo, alipiga ukuta kwa ngumi.

"Luofu? Miye? Nimezaliwa hapa Butembo, baba yangu alizikwa hapa Butembo! Sasa hata kwetu munaninyanganya?"

"Mujomba, tumezunguka sana," Falonne alisema huku machozi yakimlenga. "Hakuna mwenye anatusikiliza."

"Hata miye hakuna mwenye ananiuliza kitu," mjomba alisema, akageuzia uso ukutani.

Baada ya siku chache alikuja mwanamke mwenye koti la mvua na mkoba begani. Aliitwa Mama Joyeuse, mfanyakazi wa huduma za jamii. Wageni wengine walizoea kuzungumza na Mama Débora kana kwamba aliyelala pale ni gunia. Yeye alivuta kigoda mpaka kando ya kitanda, akamwamkia mjomba kwanza, kisha akauliza kwa upole:

"Papa Lusenge, kule Luofu mulikuwa munakaa karibu na kanisa gani?"

Mjomba hakumtazama mgeni wala dada yake. Alimtazama Falonne.

Falonne alijua kwamba angeweza kubuni jina lolote. Alijua pia kwamba baada ya jina hilo lingetakiwa la chifu, kisha la jirani, na mjomba angelazimika kuubeba uongo huo kila siku akiwa amelala.

"Mama, hatoki Luofu," alimwambia mgeni. "Ni miye nilisema uongo. Hatukutaka kurudishwa tena."

"Na miye mama yake nilinyamaza," Mama Débora aliongeza.

Mama Joyeuse alishusha pumzi ndefu. Ilionekana wazi kwamba naye amechoka.

"Mumenipandisha mulima huu mu mvua juu ya uongo," alisema. "Munajua msaada wa bakimbizi ni nini? Ni turubai, unga na sabuni. Turubai itamugeuza Papa usiku? Na iko mama mwenye amekimbia kweli, analala chini na batoto. Mumekamata nafasi yake."

Falonne aliinamisha kichwa.

Ndipo Mama Joyeuse akamgeukia mgonjwa. "Papa Lusenge, weye mwenyewe unataka nini?"

Mjomba alisema kwa sauti ya chini, "Nataka huyu mutoto asinimwagie tena choo. Nataka aende masomo. Na kidonda cha kiuno kinaniuma, lakini naona haya kubaonyesha."

Mama Débora alishika mdomo. Hakuwa amejua habari za kidonda hicho.

Kesho yake Falonne na mama yake walirudi ofisini kusema ukweli. Bwana yule aliwafokea mbele ya watu wote, akafuta jina la mjomba. Falonne alitamani ardhi immeze, lakini alisimama mpaka mwisho. Kisha Mama Joyeuse aliwapeleka yeye mwenyewe kwenye mlango uliowafaa, ambao muda wote huo hakuna aliyekuwa amewatajia: kituo cha walemavu.

Mambo hayakwenda haraka hata hapo. Mara fundi hayupo, mara gurudumu halijafika, mara warudi Jumatatu. "Serikali haina mutu wa kulala kwenu na kumuangalia," Mama Joyeuse aliwaambia waziwazi. "Kwa hiyo tutaomba vile viko, na tutarudi mpaka bavitoe."

Walirudi, wakarudi tena. Muuguzi wa kituo cha afya alianza kuja kuosha kidonda. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha mjomba kujigeuza kwa kuvuta kamba iliyofungwa juu ya kitanda, na kuhamia kwenye kiti chenye tundu cha kuendea haja, ambacho seremala wa jirani alikitengeneza. Kiti cha magurudumu kilipofika hatimaye, mjomba alijisukuma mpaka uani, akaanza kulalamika kwamba kuku wa jirani wamechafua kila mahali. Mama Débora alicheka mpaka akaketi chini.

Mama Joyeuse alikuja kumwona siku hiyo. Alimkuta Falonne ametoka shuleni, madaftari yakiwa bado mkononi.

"Wasingya, Mama," Falonne alimshukuru kwa Kinande. Kisha akauliza, "Lakini juu ya nini batu benye banasema kweli banazungushwa vile?"

"Kuzungusha watu ni vibaya, na nimebaambia bale ba ofisi," Mama Joyeuse alijibu. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ulipoleta shida ya mutu mwingine, ningekupa dawa ya mutu mwingine, na kidonda cha mujomba wako kingeoza chini ya blanketi. Ulipoleta shida yenu vile iko, niliweza kuitafutia dawa yake. Ukichoka, kasirika. Piga hata kelele. Lakini sema kweli, na urudi tena kesho."

"Na umuulize mugonjwa mwenyewe!" Mjomba Lusenge alipaza sauti kutoka uani. "Miguu ndiyo imekufa. Kinywa bado."