Chupa ya Tende Nyuma ya Debe la Unga

Kila asubuhi, kabla hata maji ya chai hayajachemka, nyumba ya mshonaji ilianza siku kwa sindano. Si sindano ya cherehani, hiyo ilisubiri zamu yake. Ni ile ndogo ya kumtoboa Bibi kidole. Mama, ambaye ndiye mshonaji mwenyewe, alidondosha tone la damu kwenye kipimo, akasubiri, kisha akasoma namba kwa sauti. Binti yake aliiandika kwenye daftari.

"Saba nukta mbili," Mama alimwambia Bibi asubuhi moja. "Hongera, Mama. Sukari imetulia."

"Imetulia, ila mimi nimekufa nusu," Bibi alijibu huku akinyonya kidole. "Kahawa isiyo na sukari ni maji ya kusuuzia sufuria."

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Bibi alimpachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akifua, na Mama aliapa kwamba aliongea hata usingizini. Alimpenda Bibi kupita kiasi. Tangu daktari ampige marufuku sukari, miezi minne iliyopita, Bibi alikuwa amenywea. Alikaa na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa, kisha akaimwaga kwenye karo la kuoshea vyombo. Jambo hilo lilimuuma sana mjukuu wake.

Basi Ijumaa moja, akitoka shuleni, Chiriku aliona kibao kwenye meza ya muuza tende: UTAMU WA ASILI, HAUNA MADHARA. Akasimama palepale.

"Eti hauna madhara hata kwa mtu aliyekatazwa sukari?" aliuliza.

"Sukari inatoka kiwandani, binti," alijibu muuza tende akifukuza nzi. "Hii inatoka kwenye mti. Chemsha, chuja, tia kwenye chai au kahawa. Utakuja kunishukuru."

Chiriku hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alivunja akiba yake, akanunua mfuko mzima.

Jumamosi, Mama alipokwenda kupeleka sare alizoshona, Chiriku aliingia jikoni. Alizitoa tende kokwa, akaziloweka kwenye maji ya moto hadi zikalainika, akaziponda kwa mkono. Akabandika sufuria kwenye moto mdogo, akakoroga mpaka mwiko ukaanza kunata. Kisha akachuja kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye ushonaji, akakamua mpaka vidole vikamuuma, na ile rojo akairudisha motoni. Ikachemka taratibu, ikapungua, ikawa shira nyeusi na nzito kama asali. Jikoni kote kukanukia raha. Alipoonja, alicheka peke yake.

Akamtilia Bibi vijiko viwili kwenye kahawa.

"Mungu wangu!" Bibi alifumba macho. "Umenitilia nini, we mtoto?"

"Tende, Bibi. Hakuna sukari hata chembe. Ni ya asili."

Bibi akanywa tena. "Basi mama yako asijue. Huyo akijua ataitia kufuli."

Chupa ikafichwa nyuma ya debe la unga. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, na siku nyingine kimoja cha nyongeza. Kwa siku chache nyumba ilichangamka. Bibi alirudi kumtania Mama kwamba cherehani yake inakohoa kuliko mgonjwa.

Halafu namba zikaanza kupanda. Tisa. Kumi na mbili. Bibi akawa na kiu isiyokatika, anakunywa maji jagi kwa jagi na kwenda msalani kila mara. Macho yakaanza kuona ukungu. Siku kipimo kiliposoma kumi na tano, Mama alipekua kila kona ya chumba cha Bibi, hadi chini ya mto.

"Mama, niambie ukweli. Unakula sukari kwa siri?"

"Naapa sijagusa sukari!"

"Basi hii namba inatoka wapi?" Sauti ya Mama ilipasuka. "Nimekosea wapi mimi? Unataka kufa, nibaki na nani?"

Akaketi sakafuni na kulia kwa kwikwi, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni mwake. Chiriku alikuwa hajawahi kumwona hivyo. Alisimama na kalamu mkononi. Kile kibao kilisema hauna madhara! Lakini namba zilianza kupanda lini, kama si baada ya ile chupa? Alitaka kusema, akaogopa. Akisema, Mama atamwona muuaji. Asiposema... Hakutaka kulimaliza wazo hilo. Aliandika kumi na tano, akalifunga daftari. Shuleni hakuongea na mtu siku nzima, mpaka mwalimu akamuuliza kama anaumwa jino.

Asubuhi ya Alhamisi ya wiki ya pili kipimo kilisoma kumi na tisa. Bibi alijaribu kuinuka, miguu ikamlegea, akaanguka kando ya kitanda. Mama alitoka mbio kumwomba jirani gari. Jamani, mtoto yule alifanya nini katika dakika zile chache? Aliitoa chupa, akamwaga shira yote kwenye karo, akaisuuza mara tatu.

"Imekwisha," alijiambia. "Sitamtilia tena. Bibi atapona, na hakuna atakayejua."

Hospitalini, daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimpima Bibi, ambaye alikuwa akisinzia na kuzinduka, kisha akafungua daftari la namba.

"Nani anaandika hapa? Mwandiko mzuri."

"Binti yangu huyu," Mama alisema. Chiriku akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kuna chochote kilichobadilika katika chakula au vinywaji?"

"Hakuna, daktari. Chakula ni kilekile. Sukari nimeifungia kabatini."

"Basi vidonge vimeshindwa kazi." Daktari alivuta karatasi. "Nitamwanzishia sindano za insulini, na kwa namba hizi dozi itakuwa kubwa. Sasa sikiliza vizuri. Dawa hii inashusha sukari kwa nguvu. Ikimkuta mtu ambaye sukari yake inashuka yenyewe, anaweza kuzimia asiamke tena."

Chiriku akapiga hesabu. Shira ilikuwa imeshakwenda na maji ya karo. Sukari ya Bibi ingeshuka yenyewe, na hakuna mtu chumbani mle aliyejua hilo ila yeye. Kalamu ya daktari ilikuwa inatembea kwenye karatasi.

"Daktari, usiandike!" alipiga kelele. "Ni mimi! Nilimpikia shira ya tende, nimekuwa namtilia kwenye kahawa kila siku, leo nimeimwaga nikidhani yamekwisha! Usimpe dozi hiyo, tafadhali, usimpe!"

Mama alimgeukia. Hakumpiga, hakumfokea. Alisema tu, "Wewe?" na neno hilo moja lilimuumiza Chiriku kuliko fimbo kumi.

Daktari aliichana ile karatasi. "Tende zina sukari nyingi, binti," alisema polepole. "Ukizichemsha na kuzichuja, kinachobaki ni sukari hasa. Mwenye afya akitia kidogo kwenye chai, si neno. Kwa mgonjwa huyu, kila kikombe kilikuwa kinamsukuma shimoni. Atalazwa hapa, tutampa dozi ndogo na kumpima kila saa."

Siku mbili Chiriku alikaa kwenye benchi la nje ya wodi bila kumeza zaidi ya maji. Kila mlango ulipofunguka, alisimama. Siku ya tatu muuguzi alisema, "Nane nukta moja. Ingieni."

Bibi alikuwa amekaa kitandani, amepungua, lakini macho yanaona. "Njoo hapa. Unalia nini?"

"Nilitaka kukuua, Bibi."

"Acha maneno hayo. Wewe ulidanganywa na kibao. Mimi je, nilidanganywa na nani? Miaka yote hii nakunywa kahawa! Kikombe cha kwanza tu nilijua kwamba utamu ule si wa bure. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mtamu." Akamgeukia Mama. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuacha ulie sakafuni, nami najua ninachokificha."

Mama alijifuta uso kwa ukingo wa kanga yake. "Nimewasamehe wote wawili," alisema, "ila nisikilizeni. Kitu kuwa cha asili hakumaanishi kinamfaa kila mtu. Kabla ya kumpa mgonjwa chochote, tunamuuliza anayejua. Na ukikosea, Chiriku, sema saa ileile, hata kama unatetemeka. Kosa lako la jikoni tungelimaliza siku ya kwanza kwa kumwaga chupa. Ukimya ndio uliotufikisha hapa. Ungenyamaza dakika tano zaidi pale kwa daktari, leo tungekuwa tunazungumza habari za Bibi, si kuzungumza naye."

Chiriku aliushika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili. Hakuuachia mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha.