Penseli ya Mwalimu Digrii

Soko la viatu vya mtumba siku ya Jumamosi halina adabu. Unapigwa kiwiko, unakanyagwa, na aliyekukanyaga ndiye anayekuuliza kama huoni. Katikati ya zogo hilo, binti mmoja mwenye gauni la buluu lililomkaa vizuri kiunoni alikuwa ameshika kiatu cheusi cha kisigino kifupi, mguu wa kulia, akiusaka wa kushoto kwa macho makali.

"Dada, huo mguu mmoja unaupeleka wapi?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, vidole vina madoa ya manjano, na mkononi ameushika wa kushoto.

"Naupeleka kazini. Lete mwenzake."

"Nimeshamchagulia dada yangu."

"Dada yako ana mguu mmoja?"

Muuza viatu alicheka mpaka akaegemea meza. Kijana akautoa. "Chukua. Kazi gani hiyo inayoanza kwa ugomvi?"

"Ualimu."

"Basi umejiandaa vizuri."

Ualimu wenyewe ulikuwa wa likizo tu. Binti alikuwa amemaliza chuo kikuu, hisabati, kisha akakaa nyumbani mpaka mtaa mzima ukambatiza Digrii, na si kwa heshima. "Digrii, umeamkaje? Leo pia upo?" Alipopata shule ya kufundisha waliofeli hesabu, shangazi yake alishika kichwa.

"Miaka yote ile chuoni, ukafundishe waliofeli?"

"Waliofaulu wananihitaji wa nini, shangazi?"

Jumatatu aliingia ofisi ya walimu, viatu vinang'aa, na wa kwanza kumwona ni yule yule wa sokoni. Mwalimu wa kemia. Wanafunzi walimwita Asidi.

"Vinakubana?" aliuliza Asidi, akitazama viatu.

"Vinanitosha. Mpe pole dada yako."

"Sina dada."

Digrii aliinamisha uso kwenye kitabu asionekane akicheka. Alionekana.

Darasani aliwaambia watoto jambo moja tu siku hiyo. "Humu ndani kosa naliandika kwa penseli. Ukilipata jibu, njoo mezani, chukua raba, ulifute mwenyewe. Ambalo halijafutwa bado unalifanyia kazi. Hakuna aliyekushinda."

Walimtazama kama watu walioahidiwa mengi. Ila baada ya siku chache, foleni ya kwenda kwenye raba ikawa inagombaniwa. Hata yule binti wa nyuma, ambaye wenzake walimwita Kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akijibu swali, alianza kuinuka. Alikuwa akifuta kosa lake polepole, anapuliza vumbi la raba, kisha anarudi kwenye kiti akitembea kama bibi harusi.

Jioni simu ililia.

"Umekula, mwalimu?"

"Nimekula. Wewe umelipua nini leo?"

"Moyo wangu tu."

"Ulipuke taratibu, Asidi. Mimi sina bima."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, utani mrefu na kuaga kusikoisha, mpaka Mkuu wa shule, mama mnyoofu mwenye miwani ya mnyororo, alipotangaza kwamba Ijumaa atakagua madaftari. Mwalimu mmoja wa likizo atabakizwa kwa ajira ya kudumu.

Alhamisi Digrii aliondoka mapema kumpeleka mama yake hospitali. Asidi akabaki ofisini na rundo la madaftari ya hesabu mezani. Alifungua moja. Penseli. La pili, penseli. Alimjua Mkuu, hakubali usahihishaji usio wa wino, na akamwogopea mpenzi wake kwa moyo wote. Akachukua kalamu nyekundu, akaketi, na kila penye alama ya penseli akapitisha wino juu yake, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kisha akapiga simu. "Kesho usiwe na wasiwasi, mpenzi. Nimekuwekea mambo sawa."

"Mambo gani?"

"Utaona."

Aliona. Asubuhi, kabla ya ukaguzi, Kimya alikuja mezani akiwa na jibu alilolihangaikia nyumbani. Akachukua raba, akafuta. Wekundu haukutoka. Akasugua tena, na tena, mpaka karatasi ikachanika. Alifunga daftari taratibu.

"Lakini mwalimu, ulisema," alinong'ona, akarudi kulaza kichwa kwenye dawati.

Digrii alimkuta Asidi kwenye korido.

"Nani alikuomba?"

"Nilikuwa nakuokoa."

"Kwani nilikwambia nazama?"

"Mkuu angekutimua, Digrii."

"Angenitimua mimi. Wewe umenifanya mwongo mbele ya watoto ambao kila mtu ameshawadanganya. Usinipigie simu."

Alasiri Mkuu alifunua madaftari, mnyororo wa miwani ukining'inia. Akatabasamu.

"Nilisikia una mambo ya penseli. Kumbe uvumi. Hongera, binti, nafasi ni yako."

Neno moja tu lilitakiwa, asante, na mtaa ungetafuta mtu mwingine wa kumcheka. Digrii alilisikia likimjia mdomoni. Akalimeza.

"Si uvumi, Mkuu. Huo wino si wangu."

"Ni wa nani?"

"Sisemi. Alama zangu ziko chini yake, ni za penseli."

"Ni wangu mimi," alisema Asidi kutoka mlangoni. "Nilijiamulia mwenyewe."

Mkuu aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Mzazi akilipa ada anataka kuona wino. Penseli ni ya mwanafunzi."

"Ndiyo maana naitumia."

"Basi maliza likizo, halafu kila la heri."

"Nitamaliza, Mkuu. Kwa penseli."

Alitoka ameinua shingo. Akapita koridoni moja kwa moja mpaka darasani.

Muda si muda Asidi alisimama mlangoni. "Mwalimu, naomba dakika moja."

"Waombe wao."

Akaingia. "Mimi ndiye niliyewachorea wino. Mwalimu wenu hakujua. Nisameheni."

Kisha mvulana mmoja mbele akauliza, "Adhabu yake?"

Nyuma kabisa kiti kilikwaruza sakafu. Kimya alikuwa amesimama. "Afanye mtihani wetu."

Darasa lililipuka. Asidi akabanwa kwenye dawati dogo, magoti karibu na kidevu, jasho linamtoka. Alipomaliza, Kimya akasahihisha. Swali la mwisho lilikuwa limemshinda.

"Mwalimu, nitumie wino au penseli?"

Digrii hakuwa na haraka. "Muulize kama yuko tayari kulirudia."

"Niko tayari," Asidi alisema, akimtazama yeye na si karatasi. "Hata mara mia."

"Penseli," akasema Digrii.

Siku likizo ilipoisha walitembea pamoja mpaka kwao Digrii.

"Sasa kazi huna," alisema Asidi.

"Kazi ninayo. Nimekosa mwajiri tu. Jumamosi watoto wangu wanakuja barazani kwetu, wote. Shangazi tayari ananiita kichaa."

"Kichaa nampenda. Nataka kumwoa."

Digrii alisimama.

"Jambo hilo halijibiwi njiani," alisema. "Mama yuko ndani anashona. Ingia ukamwambie yeye. Na kabla hujaingia ujue, binti yake hana ajira, hapokei ushauri asiouomba, wala habadiliki."

"Nimeshaandikiwa kosa kwa hilo. Nimelirudia, nimelielewa."

"Basi sema kwa sauti. Mama hasikii vizuri cherehani ikilia."

Asidi akakohoa, akaita hodi kwa sauti ya mtu anayeingia ukumbini, akataja alichokijia pale pale kizingitini. Ndani, cherehani ilinyamaza.